Jinsi ya Kubishania Albamu za Isis, na Hasa Ile Sauti

Kaka yangu ana sentensi moja kuhusu bendi ya metali iitwayo Isis na mwimbaji wake, Aaron Turner, ambayo amekuwa akiirudia mbele yangu tangu nina miaka kumi na saba: "Turner alipoanza kuimba, Isis ikafa." Huitamka polepole, kama hakimu anayesoma hukumu, kisha hunyamaza akisubiri niwake. Nami niliwaka kila mara. Yeye alikaa upande wa Oceanic, mimi upande wa Panopticon, miaka ikapita, na hakuna aliyemsogeza mwenzake hata unyayo mmoja. Nikikumbuka sasa naona kwamba hatukuwa tunabishana. Tulikuwa tunatajiana majina ya albamu, kila mmoja akipandisha sauti kidogo kuliko mwenzake.

Kilichobadilisha mambo ni daftari. Nitaeleza lilivyoingia, kwa sababu nimeona watu wengi wanaoipenda bendi hii, au bendi yoyote ya posti-metali, yaani metali nzito iliyotandazwa kwenye nyimbo ndefu, wakikwama palepale tulipokwama sisi. Muziki huu unastahili ubishi mzuri. Una mengi ndani yake, na mengine huyasikii mpaka mtu anayekupinga akulazimishe kurudi kuyatafuta.

Mpaka wa ubishi

Kubalianeni kwanza mnabishania nini. Isis walianza Boston, Marekani, mwaka 1997, wakajipa jina la mungu wa kike wa Misri ya kale. Walitoa albamu kamili tano: Celestial (2000), Oceanic (2002), Panopticon (2004), In the Absence of Truth (2006) na Wavering Radiant (2009). Mwaka 2010 wakavunja bendi, na onyesho lao la mwisho likawa Montreal, mwezi Juni. Aaron Turner alikuwa kwenye gita na sauti, Michael Gallagher gita, Clifford Meyer gita na vyombo vya elektroniki, Jeff Caxide besi, Aaron Harris ngoma. Mwaka 2018 walikutana tena jukwaani kwa usiku mmoja Los Angeles, wakitumia jina Celestial, kuichangia familia ya Caleb Scofield wa bendi ya Cave In aliyefariki kwa ajali ya gari. Albamu mpya haikufuata.

Kwa mbishi, hii ni neema. Kazi imekamilika, albamu ni tano tu, na hakuna ya sita itakayokuja kesho kuvuruga hoja yako. Nyote mna ushahidi uleule. Sisi tuliacha nje rekodi fupi za mwanzo, tukaahidiana kwamba atakayezitaja atakuwa amekimbia swali.

Hakikisheni pia mnasikiliza toleo moja. Baadhi ya albamu hizi zimetolewa upya baada ya sauti zake kusafishwa studioni, na toleo moja linaweza kusikika zito au angavu kuliko jingine. Mimi na kaka tulipoteza jioni nzima tukigombania ngoma za Panopticon, kumbe yeye ana toleo la mwanzo na mimi nina lililosafishwa.

Kwa nini sauti ni tatizo katika muziki huu

Wimbo wa kawaida una ubeti na kiitikio. Sauti ya mtu ndiyo inayoongoza, vyombo vinaifuata, na ikinyamaza unajua itarudi. Posti-metali haijajengwa hivyo. Inachukua uzito wa metali na kuutandaza juu ya muda mrefu. Wimbo unaweza kufika dakika nane au kumi, gita likirudia kipande kimoja huku kitu kidogo kikibadilika kila mzunguko, mpaka mahali fulani vyote vinapanda pamoja na kukuangukia. Humo ndani sauti haina kiti chake maalumu. Huenda isiingie kabisa. Bendi kama Pelican na Russian Circles, zote za Chicago, zimejijengea jina kwa kupiga bila mwimbaji. Neurosis wa Oakland, ambao Isis walijifunza mengi kwao, walikuwa na zaidi ya koo moja, na zikipokezana unahisi watu kadhaa wamebeba mzigo mmoja.

Basi swali la kwanza kuhusu sauti ya Turner lisiwe nzuri au mbaya. Muulize mwenzako: kwa wimbo ambao ungeweza kwenda bila sauti, hii imekuja kufanya nini? Kaka alipoulizwa hivyo kwa mara ya kwanza alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyozoea.

Sikiliza mara tatu, kila mara ukifuata kitu kimoja

Hapa ndipo kazi ilipo, usiiharakishe. Chagueni albamu moja. Kila mmoja aisikilize peke yake, kwa hedifoni, mwanzo hadi mwisho, mara tatu kwa siku tatu tofauti. Zaidi ya mara moja kwa siku masikio huchoka, na ukali wote unageuka kuwa ukuta mmoja.

Mara ya kwanza fuata besi tu. Najua ni jambo la ajabu kuanza nalo kama ubishi wenu ni wa sauti, ila nisikilize. Caxide hapigi besi kama mtu aliyewekwa nyuma kushikilia sakafu. Mara nyingi anapanda juu kwenye shingo ya chombo na kupiga mahadhi yenyewe, sauti yake ikiwa na mwangwi unaoifanya itiririke, huku magita yakibaki kuwa anga au ukuta. Fuata besi kwenye Panopticon yote na utajikuta unaimba kimoyomoyo. Kinachoimbwa ni besi. Baada ya kulisikia hilo sikuweza tena kulisahau, na ndilo lililonipa hoja ninayoishikilia mpaka leo: katika albamu bora za Isis, mwimbaji ni Caxide.

Mara ya pili fuata ngoma. Angalia ni wapi Harris anakaa kwenye matoazi na wapi anashuka kwenye ngoma nene za katikati. Utaona anabadilika sana kati ya 2004 na 2006. Kwenye In the Absence of Truth ngoma nene zimejaa kila mahali, zinazunguka, zinasema mambo mengi kuliko zamani. Andika unachosikia. Utakihitaji.

Mara ya tatu ndiyo ya sauti, na hapa daftari linafunguliwa. Chora safu tatu. Safu ya kwanza ni dakika na sekunde ambapo sauti inaingia au kutoka. Ya pili ni aina ya sauti. Ya tatu, ambayo kaka aliidharau mwanzoni na sasa ndiyo anayoijaza kwa bidii kuliko mimi, ni swali hili: kwa wakati huu, nani anabeba mahadhi? Je, ni besi, gita, koo, au hakuna?

Usiandike "nimeipenda". Safu ya hiyo haipo.

Majina ya sauti

Ubishi mwingi unakufa kwa sababu watu wana maneno mawili tu, kuimba na kupiga kelele. Tafuteni majina zaidi, na muyatumie kwa maana moja. Sisi tunatumia manne.

Mngurumo ni ile sauti nzito itokayo kifuani ambayo Turner anajulikana kwayo. Yake ni pana, ina upepo ndani, na huyavuta maneno mpaka kingo zake zinapotea. Yowe ni jembamba zaidi, limekazwa, na linakata. Sauti wazi ni kuimba kwa mahadhi yanayoshikika, bila mkwaruzo. Na mnong'ono ni wa pale anaposema zaidi kuliko kuimba, chini ya vyombo.

Tofauti ya mngurumo na sauti wazi inaanzia mwilini. Unapoimba kwa sauti wazi, nyuzi za sauti hutetemeka kwa mpangilio na kutoa noti inayojulikana. Katika mngurumo, mikunjo iliyo juu ya nyuzi hizo nayo inashiriki na kutetemeka ovyoovyo, ndiyo maana noti inafifia. Unasikia nguvu, unasikia hisia, unasikia hata neno, ila huwezi kuifuata kama mahadhi. Kwa hiyo anayenguruma ameacha nafasi ya mahadhi wazi, na chombo kingine kinaweza kuichukua. Turner aliponguruma, Caxide alipata nafasi ya kuimba.

Hapo ndipo nilianza kumwelewa kaka yangu, na sikufurahi.

Mfano: Oceanic na Panopticon

Ubishi huu ndio mashabiki wengi wanauanza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Anayetetea Oceanic ana mengi ya kusema. Ni albamu yenye kisa kimoja, cha mtu ambaye mapenzi yake yanaishia kwenye usaliti na mwishowe majini, na muziki wenyewe una maji: magita yanapanda na kurudi kama mawimbi, nyimbo zinaingiliana. Mngurumo wa Turner hapa uko mbele kidogo na una njaa. Ukiandika safu ya pili ya daftari utajaza mngurumo ukurasa baada ya ukurasa, halafu unafika kwenye "Weight", wimbo wa zaidi ya dakika kumi, na sauti inayokuja ni ya mwanamke, Maria Christopher, ikielea juu ya kipande kinachojirudia hadi kinakuwa kama kupumua. Kaka huutumia wimbo huo kama rungu. "Unaona?" ataniambia. "Walipotaka uzuri walimwita mtu anayeweza. Turner akabaki na kazi yake."

Ni hoja nzuri, na kwa miaka sikuwa na jibu. Jibu lilitoka kwenye daftari lake mwenyewe.

Tulikuwa tumefika Panopticon. Ana mwandiko mdogo, wa kubana, na nilikuwa nasoma safu yake ya pili nikifuata kwa kidole. Kwenye "Backlit" ameandika sauti wazi. Kwenye "Wills Dissolve" ameandika tena sauti wazi. Nikamuuliza albamu hii ni ya mwaka gani. Akasema 2004. Nikamuuliza bendi ilikufa mwaka gani. Hakujibu, akachukua daftari akasikiliza upya palepale, uso ameuinamisha, na mimi nikaenda jikoni ili nisicheke mbele yake. Kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba kuimba kulianza 2006. Alikuwa ameisikia Panopticon mara mia na hakuwahi kuisikia sauti hiyo, kwa sababu ilikuwa imelazwa chini sana ndani ya magita, na kwa sababu alikuwa ameshaamua.

Hii ndiyo faida ya kuandika dakika na sekunde. Kumbukumbu ya shabiki huvutia kwake, kama mwamba ngoma.

Sasa upande wangu. Watu huilaumu Panopticon kwa jambo hilohilo: sauti imezama. Wanasema Matt Bayles, produsa wake, na bendi wenyewe waliifunika. Mimi naona ndiyo sababu inafanya kazi. Jina la albamu linatokana na mchoro wa gereza wa Jeremy Bentham, Mwingereza wa karne ya 18: mnara katikati, vyumba vya wafungwa vimeuzunguka, na mlinzi mmoja anayeweza kuwaona wote bila wao kujua kama wanatazamwa saa hiyo. Albamu nzima inahusu kutazamwa. Sasa jiweke kwenye chumba kimojawapo. Sauti yako itasikikaje kutoka mnarani? Ndogo, na mbali. Wimbo wa kwanza, "So Did We", unafungua kwa kishindo, Turner ananguruma mapema kabisa, na hata hapo unamsikia kama mtu aliye upande wa pili wa ukuta. Kisha wimbo unatulia na kutanuka, na besi inachukua hadithi.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Simaanishi kwamba kila sauti iliyozama ni ya makusudi. Ninachosema ni kwamba ukitaka kuilaumu, onyesha mahali ambapo wimbo ulikuwa unamhitaji naye hasikiki. Kaka alitafuta mahali hapo wiki mbili. Alileta sehemu moja ya "Syndic Calls", tukaisikiliza pamoja mara nne, na nikakubali kwamba pale ningependa koo lisogee mbele kidogo. Hicho ndicho ninachokiita ubishi: aliniletea dakika, nami nikatoa nilichopaswa kutoa.

Ukiwa na nafasi, rudi pia Celestial, albamu ya kwanza, uone majina ya nyimbo. Mnara umo tayari. Kuna wimbo wenye mnara katika jina lake na mwingine wa kuibomoa minara, miaka minne kabla ya Panopticon. Ndani yake kuna vipande vinne vifupi vilivyoitwa ishara na kupewa namba, na vinakupa pumzi kando ya uzito. Anayesema Isis walibadilika ghafla hajaiweka Celestial na Panopticon kando kwa kando. Kuhusu sauti, Celestial haina ubishi mkubwa: ni mngurumo na mayowe, unafaa, tuendelee.

2006, pale panapouma

In the Absence of Truth inafungua kwa ngoma, polepole, na "Wrists of Kings" inaacha muda upite kabla ya Turner kuingia kwa sauti wazi, ya chini, karibu ya mtu anayejisemea. Mara ya kwanza nilipoisikia nilisisimka. Kaka alizima.

Ukifika hapa kwenye ubishi wenu, pigeni marufuku sentensi tatu. "Walijiuza" haina dakika wala sekunde. "Ilikuwa bora zamani" inasema habari za msemaji tu, haigusi albamu. Na "hujaielewa" ni tusi lililovaa kanzu. Badala yake fungueni safu ya tatu, ile ya nani anabeba mahadhi.

Tulipoifanya kazi hiyo, tulikuta kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekitarajia. Kwenye Panopticon safu hiyo ina jina moja karibu kila mara: besi, besi, gita, besi. Kwenye In the Absence of Truth imejaa mikwaju na majina mawili mawili: besi na sauti, sauti na gita, besi na sauti na, niliandika kwa mshangao, ngoma. Harris anapiga mizunguko mirefu kwenye ngoma nene kiasi kwamba nayo inakuwa kama mahadhi. Vyombo vimekuwa vizungumzaji zaidi wakati uleule ambapo koo limeanza kuimba. Nyumba ina wenyeji wengi kuliko viti.

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua kaka. Turner anaimba kwa kadiri, hajifanyi mwimbaji mkubwa. Kilichomkera ni msongamano, naye alikuwa amekosa jina lake, akampa Turner lawama kwa kuwa sauti ya mtu ndiyo kitu cha kwanza sikio linachokikamata. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Mdogo wangu, umenielewa kuliko nilivyojielewa," kisha akaongeza kwamba bado haipendi.

Nami nikalazimika kutoa changu. Nilikuwa nimeitetea albamu hiyo kwa ujumla wake, kama mtu anayetetea ukoo. Daftari lilinionyesha kwamba ninayemtetea ni "Dulcinea" na "Holy Tears", ambako sauti wazi inaandaa mahali na mngurumo unakuja kulipa deni. Huko safu ya pili inapokezana vizuri: wazi, wazi, kimya, mngurumo. Sehemu nyingine nilikuwa nimezibeba kwa mapenzi tu.

Kuna wimbo mmoja humo ambao kwa msikilizaji wa Kiswahili unafungua mlango wa pembeni. Unaitwa "Firdous e Bareen", na huhitaji kamusi kutambua kwamba ni Firdausi, bustani ya juu ya peponi, kwa umbo la Kiajemi. Hauna sauti ya mtu hata kidogo. Katika albamu iliyogawanya watu kwa sababu ya kuimba, pepo yenyewe bendi imeiacha bila maneno. Nimewahi kuutumia wimbo huo dhidi ya kaka na yeye ameutumia dhidi yangu, na nadhani sote tulikuwa na haki.

Maneno yasomwe mwishoni

Watu wengine huanza na mashairi. Mimi nashauri uyaweke mwisho kabisa, baada ya kusikiliza mara zote tatu. Mngurumo hukufichia maneno kwa makusudi. Unapata neno moja hapa, jingine pale, na akili yako inajaza katikati. Ukisoma maneno kwanza, utasikia ulichosoma, na hutajua tena koo lenyewe lilikuambia nini. Nilivyokuwa nimeisikia Oceanic kwa miaka, nilidhani ni hasira. Nilipojua kisa chake, nilirudi nikasikia mtu anayeomba. Nafurahi kwamba niliisikia hasira kwanza, kwa sababu nayo imo.

Pelekeni kesi jukwaani

Isis waliacha mfululizo wa rekodi za maonyesho zilizopewa namba badala ya majina, na kwa ubishi wa sauti hizi ni dhahabu. Studioni mtu anaweza kuamua sauti ilale chini au ipande. Jukwaani koo liko peke yake. Chukueni wimbo mmoja ambao mmeshaujazia daftari, msikilize ulivyopigwa mbele ya watu, na mjaze safu upya kwa kalamu ya rangi nyingine.

Angalieni mambo mawili tu. Je, sauti wazi inashika noti, au inayumba? Na je, anapoyumba wimbo unapungua, au unaongezeka? Swali la pili ni gumu na ndilo lenye maana. Kuna mahali ambapo Turner hafiki noti na mimi napasikia kama ufa kwenye ukuta unaopitisha mwanga. Kaka anapasikia kama ufa. Hapo tumekubaliana kutokubaliana, ila sasa tunajua ni ufa upi.

Ukitaka kumpima Turner zaidi, mtoe nje ya Isis. Bendi yake ya Sumac, iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka 2015, imerudi kwenye mngurumo mzito na muziki mgumu zaidi. Mwite shahidi huyo kwa uangalifu. Kaka alimleta akisema, "Unaona, hata yeye alijuta." Hatujui kama alijuta. Tunachojua ni kwamba muziki tofauti unadai koo tofauti, na safu ya tatu ya Sumac niliyojaza mara nyingi inasema: hakuna. Hakuna anayebeba mahadhi, na haikusudiwi abebe.

Cult of Luna wa Umeå, Sweden, ni kipimo kingine kizuri. Mwaka 2016 walimshirikisha Julie Christmas kwenye albamu ya Mariner, na kwa sauti moja kutoka nje bendi nzima ikabadilisha rangi. Msikilizeni huyo kama mnadhani sauti ni pambo tu katika muziki huu.

Kuhusu kupanga albamu kwa namba

Watu wanapenda orodha, ya kwanza hadi ya tano. Nimeshapanga nyingi na nimezichana zote, kwa hiyo nitasema hili tu: mkipanga, kila mmoja aandike mpangilio wake kwenye karatasi kabla ya kusikiliza, aufunge, na aandike mwingine baada ya kumaliza albamu zote kwa njia ya daftari. Fungueni karatasi zote nne pamoja. Mpangilio wangu wa kwanza uliiweka In the Absence of Truth ya pili. Wa pili umeiweka ya nne, na sikupata usingizi mzuri usiku ule. Panopticon haijasogea. Oceanic imepanda mpaka inaigusa kisigino, na hilo sikutaka kumwambia kaka, lakini karatasi ni karatasi.

Yeye Oceanic yake bado ni ya kwanza. Kilichobadilika kwake ni kwamba Wavering Radiant haikuwa na namba kabisa kwenye karatasi yake ya kwanza. Aliacha nafasi tupu, kwa sababu alikuwa hajawahi kuimaliza. Ametoka kwenye In the Absence of Truth akiwa amekasirika na hakuona haja ya kuendelea. Nilimwomba aisikilize kwa heshima ya daftari. Nilimwambia asikilize vinanda vya Meyer vilivyojaza pengo la katikati, na jinsi Turner anavyopita kutoka mngurumo hadi sauti wazi ndani ya "Hall of the Dead" bila mlango kugonga. Nilimwambia nadhani msongamano umepungua, kwamba kila mwenyeji amepata kiti, ila asinikubalie mpaka aandike.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Alikuwa amalize Jumapili. Jumapili akaomba wiki moja zaidi, na jana usiku akanitumia ujumbe usio na salamu wala maelezo, namba tu za dakika na sekunde za "Threshold of Transformation", wimbo wa mwisho, na chini yake maneno matatu: "Sauti na besi." Nimeshazisikiliza dakika hizo mara tano. Nadhani amekosea, ni gita, na leo jioni nampigia.